Vijana wawili walioipelekesha Brisbane

KATIKA banda umiza lolote la Kondoa, kidonda kinachochelewa kupona ni cha bao la dakika za majeruhi. Timu imeongoza muda wote, watu wameshaanza kutambiana, halafu kona moja inapindua meza. Mashabiki wa soka hudhani maumivu hayo ni ya kwao peke yao. Wapi! Oktoba 8, 1982 yaliwakuta vijana wawili wa ukanda huu huu, tena ugenini, katika jiji la Brisbane, Australia.

Ukanda huu kwa maana ya barabara kabisa. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma. Gidamis Shahanga ni wa Katesh, chini ya Mlima Hanang. Ukitaka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, unaweza kupita Kondoa: Dodoma, Kondoa, Babati, kisha unakata kushoto njia ya Singida. Leo ni lami na basi linateleza. Miaka ile ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na aliyepanda gari asubuhi hakumwahidi mtu kwamba jioni angefika.

Wote wa mwaka 1957, walivuka bahari wakiwa na jezi moja ya Tanzania kwenda kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Shahanga ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mambo hayo. Mwaka 1978 kule Edmonton, Canada, akiwa na miaka 20 tu, alibeba dhahabu ya marathoni. Na Brisbane hakupoteza muda. Siku chache kabla ya marathoni alikuwa ameshachukua dhahabu ya mita 10,000. Ikangaa, pamoja na ubingwa wake wa Afrika, hakuwa jina la kumtisha Mwaustralia.

Watu wengi wakifika jiji la ugenini huliona kupitia dirisha la basi, wakapiga picha mbili tatu, wakarudi hotelini. Brisbane ya mwaka ule ilikuwa na vituko vyake vya kutazama, ikiwemo kangaruu mkubwa wa kutengenezwa, Matilda, aliyeingizwa uwanjani akiwakonyeza watu. Lakini hawa wawili walilisoma jiji kwa miguu, kilomita 42 na ushee, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, mto ukijipinda katikati ya jiji, na watu wamejipanga kando ya barabara kumshangilia mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Robert de Castella, naye wa mwaka 1957. Desemba 1981 alikuwa amekimbia Fukuoka, Japan, kwa saa 2:08:18. Kwake ilikuwa mechi ya nyumbani.

Ikangaa na Shahanga hawakupaki basi. Walijilipua. Wakaondoka wawili, bega kwa bega, wakaliacha kundi lote nyuma, na kwa muda mrefu wenye jiji lao hawakuwa na la kufanya zaidi ya kuangalia migongo ya Watanzania. De Castella alibaki nyuma akihesabu, tumbo nalo likimsumbua njiani. Shahanga ndiye aliyeanza kupungua. Mita 10,000 zilikuwa bado miguuni. Ikangaa akabaki peke yake mbele, bila mwenzake, kwenye mitaa asiyoijua.

Kando ya mto, barabara iitwayo Coronation Drive, mwenyeji akamfikia. Wengi wangekata tamaa pale pale. Ikangaa akarudi mbele. Akapitwa. Akarudi tena. Walipokezana uongozi zaidi ya mara moja, kilomita za mwisho kabisa, hadi de Castella alipopata mwanya usiozibika. Mwaustralia 2:09:18, Mtanzania 2:09:30. Sekunde 12! Wa tatu, Mike Gratton wa Uingereza, aliyekuja kushinda London mwaka uliofuata, alifika zaidi ya dakika mbili na nusu baada ya Ikangaa. Shahanga akamaliza wa sita.

Ubishi haujaisha: je, walikosea kutoka mapema vile? Wanaosema ndiyo wana hoja, maana aliyesubiri ndiye aliyeshinda. Ila wasisahau kwamba bila ile kasi ya wawili, Ikangaa asingepata muda ule, na mbio zile zisingezungumzwa hadi leo. Kumvizia mwenyeji kwao, mbele ya watu wake, si jambo jepesi pia. Muulize yeyote aliyewahi kutafuta sare Cairo.

Ikangaa hakubadilika. Fukuoka 1983 aliongoza, akazidiwa mwishoni na Toshihiko Seko kwa sekunde 3. Boston 1988 alikosa ushindi kwa sekunde 1 tu mbele ya Mkenya Ibrahim Hussein, na miaka miwili iliyofuata akawa wa pili tena hapo hapo. Katikati ya machungu hayo, Novemba 1989, aliishika New York kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo. Safari hii dakika za majeruhi zilikuwa upande wetu: yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Kwa saa ya mkononi, Ikangaa wa Brisbane alikuwa mbele yao kwa sekunde 18.