Mchawi wa Joho Katika Mapango ya Hyrule

Aingiapo mchezaji katika pango la sita la mchezo wa video uitwao The Legend of Zelda, akiwa ameshajifunza kwa taabu namna ya kupigana na popo wa gizani na mifupa itembeayo yenyewe, hukuta chumba ambacho kwa dhahiri yake ni kitupu, chenye mawe machache yaliyopangwa sakafuni na ukimya usioashiria shari yoyote. Na kabla hajavuka nusu ya chumba hicho, hutokea mbele yake, pasipo mlango kufunguliwa, mtu aliyevaa joho na kofia iliyochongoka, naye hutupa mwali wa sihiri kwa mstari ulionyooka, kisha hufifia kama moshi wa ubani na kutoweka. Mchezaji hupakimbilia mahali pale alipomwona, huinua upanga wake, na upanga hukata hewa. Mwali wa pili humpata mgongoni.

Jina la adui huyu ni Wizzrobe, nalo limeundwa kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza, moja la mchawi na jingine la joho. Lugha yetu ni tajiri katika mlango huu, na kila neno lina mpaka wake: mlozi huroga usiku katika nyumba za watu naye hataki kujulikana, mganga huagua na kutibu, na mfanya mazingaombwe hughilibu macho ya watazamaji kwa ujira. Huyu wa Hyrule, nchi ya kubuni ambamo mchezo huu hutendeka, ana kitu kwa kila mmoja wao, ila hafanani barabara na yeyote, na kwa hiyo nitamwita mchawi wa joho, maana joho ndilo jambo pekee ambalo hakuliacha katika safari yake ya takriban miaka arubaini.

Alizaliwa Japani, katika kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, ambayo iliasisiwa mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, na haikuingia katika michezo ya televisheni ila katika miaka ya 1970. Mchezo wenyewe ulitolewa tarehe 21 Februari 1986, na walioubuni na kuuongoza ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Miyamoto amesimulia kwamba alipokuwa mtoto huko Sonobe, alikuwa akizunguka milimani na misituni, akaligundua pango, akaingia ndani yake kwa mwanga wa taa. Na mtu akilijua hilo hashangai kwamba Hyrule ni nchi ya mashimo na ngazi zishukazo gizani, wala kwamba shujaa wake, kijana aitwaye Link, hupewa upanga wake wa kwanza ndani ya pango na mzee asiyemjua.

Mashine ya wakati ule, iitwayo Famicom, ilikuwa fukara wa kumbukumbu kwa kiasi ambacho kijana wa leo hakisadiki upesi. Mchezo mzima, pamoja na ramani ya nchi, mapango yake tisa na mazimwi yake yote, ulipopelekwa Marekani mwaka 1987 ulitoshea katika kaseti ya kilobaiti 128, ambazo hazitoshi hata picha moja ipigwayo kwa simu ya siku hizi. Mwili wa mchawi wa joho ulichorwa kwa nukta 16 kwenda juu na 16 kwenda upande, kwa rangi tatu tu. Hapo ndipo ninapouona ustadi wa wale waliomtunga, kwani katika ufukara ule, kumfanya kiumbe aruke, agawanyike au abadilike sura kuligharimu michoro mipya na nafasi isiyokuwapo, ilhali kumfanya atoweke hakukugharimu chochote: picha yake huachwa tu isichorwe. Sihiri kuu ya Hyrule ilitokana na picha isiyochorwa.

Hao wachawi walikuwa wa namna mbili, na michoro yao ilikuwa ile ile, ikitofautishwa kwa rangi. Wa rangi ya chungwa ndiye niliyemweleza hapo juu, ambaye hutokea, hutupa, hutoweka, na ambaye mtu akimtazama kwa makini huona kwamba ana mwendo wa kupimika kama ule wa mpiga ngoma. Wa buluu ni mbaya zaidi, kwa kuwa yeye hatoweki kabisa, bali hutembea chumbani mchana kweupe, akitupa miali njia nzima, na akifikia jiwe hupenya ndani yake kama kwamba jiwe ni ukungu. Wachezaji wengi wa zama zile, ukiwauliza leo ni wapi walipoweka padi ya kuchezea chini kwa ghadhabu, watakutajia vyumba vya wachawi wa buluu kabla ya kumtaja Ganon mwenyewe, aliye mkuu wa maadui wote.

Iko kinga, nayo ni ngao kubwa ya sihiri iuzwayo madukani kwa rupia za Hyrule 160, au 130, au 90, kutegemea duka ambalo mchezaji amebahatika kuligundua. Ngao ndogo ya mwanzoni haizuii mwali wa mchawi hata kidogo; ile kubwa huuzuia. Ndipo watungaji, kwa hila ambayo naistahi hata leo ijapokuwa imeniumiza, wakaweka katika pango hilo hilo la sita kiumbe mwingine aitwaye Like Like, mwenye umbo la gunia lililosimama, ambaye humeza mtu na kuila ngao yake kubwa. Yeye peke yake ana mwendo wa konokono na si wa kuogofya, na mchawi peke yake hustahimilika kwa mwenye ngao. Lakini mtu akiukwepa mwali upesi upesi akaangukia katika gunia lile, hutoka humo mikono mitupu, na wachawi bado wamo chumbani. Na pango hilo hilo ndilo linaloficha fimbo ya sihiri, ambayo Link akiipata naye huweza kutupa mwali kama wao.

Nilimtazama mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akipita katika vyumba hivyo kwa mara ya kwanza, na baada ya yeye kufa mara nne nikaona nimwombe padi nimwonyeshe. Nikafanya kosa lile lile alilokuwa akilifanya yeye, nikamkimbilia kila mchawi mahali alipokuwa ametoweka. "Mjomba," akaniambia, "hayupo hapo tena. Kaa hapa kati, atakuja mwenyewe." Nikakaa katikati ya chumba, nikahesabu, na mchawi alipotokea hatua moja nami nikampiga kabla hajainua mkono.

Maneno yale ya mtoto ndiyo kiini cha kiumbe huyu, na ndiyo sababu ya mimi kuandika habari zake. Mchawi wa joho hawezi kudhuru akiwa ghaibu. Sharti adhihiri ndipo atupe mwali, na akidhihiri anaweza kupigwa. Saa yake ya kuua na saa yake ya kufa ni moja. Maadui wengine wa mchezo huu hutaka mkono mwepesi, au silaha kali, au moyo wa kuthubutu, lakini huyu hutaka mchezaji aizuie tamaa ya kufukuza, jambo ambalo mchezo wenyewe umekuwa ukimfundisha kinyume chake tangu mwanzo.

Katika mchezo wa pili, uliotoka Januari 1987, kanuni hiyo ilifikishwa mwisho wake. Humo wachawi wa kasri la nne, lililo katika kisiwa chenye njia za kupotezana, hawauawi kwa upanga. Link hana budi kwanza kumtafuta mtoto aliyetekwa kisiwani humo, amrudishe katika mji wa Darunia, na kwa fadhila hiyo afundishwe sihiri ya kurudisha, ambayo huifanya ngao yake iutupe mwali nyuma ulikotoka. Mkuu wa kasri lile, Carock, naye ni mchawi atokeaye na kutoweka, na hata yeye hashindwi ila kwa njia hiyo: Link huchutama pembeni mwa chumba, ngao mbele, asiinue upanga wake hata mara moja, na Carock hujimaliza kwa sihiri yake mwenyewe.

Pengine msomaji atauliza kwa nini adui mmoja arudishwe mchezo baada ya mchezo. Sisi tuliolelewa kwa ngano hatuhitaji jawabu refu, kwa kuwa msimulizi akisema tu kwamba fisi alikuwa akipita njiani, wasikilizaji wameshajua kwamba uroho umeingia katika hadithi, naye hahitaji kupoteza maneno. Katika The Legend of Zelda, nchi hubadilika kila mara, na Link wa zama moja aghalabu si Link wa zama nyingine, hivyo wale mazimwi warudio ndio wanaompokea mchezaji kama watu wa mtaa alioujua zamani. Mchawi wa joho alirejea katika mchezo wa mwaka 1991, akarejea katika ule mdogo wa kushikwa mkononi wa 1993, akarejea tena 2001 na 2004, na katika nyingi za safari hizo alibadilika kidogo tu.

Michezo ilipotoka katika ubapa na kuingia katika dunia yenye kina, mwaka 1998, mchawi wa joho hakuwamo. Mchezo ule ulikuwa na mbinu mpya ambayo kwayo mchezaji hubonyeza kitufe na macho ya shujaa yakamkazia adui mmoja bila kuachana naye, na mimi nadhani, ingawa ni dhana yangu tu, kwamba adui ambaye kazi yake ni kutoweka alikuwa mgeni asiyefaa katika karamu ya namna hiyo. Alirudi mwaka 2000 katika Majora's Mask, na safari hii kwa cheo: katika hekalu la mlima wa theluji wa Snowhead anapewa pambano lake peke yake, akitokea mara huku mara kule akizunguka kama pia kabla ya kutupa barafu, na akizidiwa hujizidisha kwa nakala zisizo na nafsi, ambazo ni kiinimacho hasa. Amshindaye hufunguliwa sanduku lenye mishale ya moto.

Miaka miwili baadaye, katika mchezo wa bahari uitwao The Wind Waker, alipewa sura ya ndege mwenye mdomo mkubwa na joho la kifahari, na wengine wa jamii yake wakapata uwezo wa kuwaita maadui wengine kutoka pasipo na kitu. Sura ile haikunipendeza nilipoiona mara ya kwanza. Baadaye nikaikubali, kwa kuwa aliye kama ndege hana haja ya kusimama chini, na chumba kilicholazimisha macho yazunguke pande nne sasa kiliyalazimisha yaangalie na juu pia.

Lakini mageuzi makubwa kuliko yote ni yale ya Breath of the Wild, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017. Humo hakuna tena chumba cha kumfungia. Mchawi wa joho huchezacheza hewani katika tambarare na kwenye vilele, haonekani, ila kila apigapo hatua huacha duara jepesi hewani, mithili ya viwimbi viachwavyo na kokoto iliyotupwa kisimani, na mwenye macho makali huzifuata duara hizo hadi ajue atatokea wapi. Kuna wa moto, wa barafu na wa umeme, na juu yao wako wakubwa wao ambao hawatupi tu miali, bali hugeuza hali ya hewa yenyewe, wakaleta mvua ya vimondo, au dhoruba ya theluji, au radi. Wa barafu hufa kwa mshale mmoja wa moto, na wa moto kwa mshale mmoja wa barafu. Anapokufa, anga hurudi kama lilivyokuwa, na fimbo yake hubaki majanini kwa atakayeiokota. Nimewahi kusimama mlimani katika mchezo huo, theluji ikivuma, nikidhani ni tabia ya mlima, mpaka nilipoziona duara mbili tatu zikipita mbele yangu katika weupe ule; nikachutama, nikaweka mshale wa moto katika upinde, nikangoja kama nilivyofundishwa.

Katika mchezo uliofuata, wa Mei 2023, uliorudi katika nchi ile ile na milima ile ile, hayumo, na nilipopita mahali nilipokuwa nikimkuta nilihisi upungufu. Kisha, Septemba 2024, ukaja Echoes of Wisdom, ambamo kwa mara ya kwanza katika silsila kuu ya michezo hii mbebaji wa hadithi si Link bali ni binti mfalme Zelda mwenyewe, naye hategemei upanga bali, kwa fimbo aliyopewa, huumba mifano ya vitu alivyoviona na ya maadui aliowashinda. Wachawi wa joho ni miongoni mwa hao. Binti mfalme huinua fimbo yake, na yule yule aliyetokea chumbani mwaka 1986 hutokea ubavuni pake, kofia yake imechongoka, uso umeelekea kwa adui mwingine.