Rugaruga: Mavazi, Silaha na Maana ya Neno

Kila asomaye maandishi ya Kiswahili yahusuyo bara katika karne ya 19 hukutana na neno rugaruga. Fasili zinazotolewa kwa wepesi ni mbili: ama "majambazi", ama "askari". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba zote mbili zapotosha, na kwamba njia bora ya kulifikia neno hili ni kuvitazama kwanza vitu walivyovivaa na kuvichukua watu hao, pamoja na majina ya vitu hivyo.

Rugaruga walikuwa vijana wa vita waliokusanywa na watawala wa Unyamwezi na Ukimbu, hasa Mirambo na Nyungu ya Mawe, ambao wote wawili walifariki mwaka 1884. Miongoni mwao walikuwamo mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara, na vijana ambao koo zao zilikuwa zimesambaratishwa na vita na biashara ya pembe na watumwa. Asiye na ukoo wa kumlinda aliambatana na kiongozi wake. Hawakuwa na mshahara. Riziki yao ilitegemea nyara na ukarimu wa mtawala, naye mtawala alitajirika kwa hongo zilizotozwa misafara. Baadhi ya mbinu zao zilitokana na Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 na kupanda kaskazini. Kundi lao moja, Watuta, lilipata kuwa mshirika wa Mirambo.

Tukija kwenye mavazi, rugaruga alijulikana kwa shuka jekundu, manyoya ya ndege kichwani, na vikuku vya pembe na shaba. Wasafiri wa zama hizo walisimulia pia mapambo ya nywele na meno ya maadui waliouawa. Yote hayo yalikusudiwa kumtia adui hofu kabla ya silaha kuinuliwa. Hata hivyo, yafaa tuyazingatie majina ya vitambaa vya wakati ule: merikani, kilichotoka Marekani, kaniki, cheusi au cha buluu iliyokoza, na bendera, kile chekundu. Vyote vilikuwa bidhaa za misafara itokayo pwani. Basi vazi lililoitisha misafara lilikuwa limeletwa na misafara iyo hiyo.

Silaha nazo zatufunza jambo kama hilo. Mkuki, uta, mshale na ngao ni maneno ya Kibantu. Bunduki, baruti na risasi yamepokewa kupitia Kiarabu. Rugaruga alichukua silaha za namna zote mbili, na hapana shaka alizihitaji zote. Mwenye gobori alimimina baruti mtutuni, akaishindilia risasi kwa mdeki, ndipo akalenga. Katika muda huo mwenye mkuki angeweza kumfikia. Tena majina ya bunduki hayana maana moja. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi, gumegume hutoa cheche kwa jiwe, na ya fataki hulipuka kwa kugongwa kifuniko kidogo cha baruti. Mfasiri anayeyaandika yote "bunduki" huifuta historia nzima ya biashara ya silaha, maana nyingi ya hizo zilikuwa silaha kuukuu ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha.

Sasa tuzirudie fasili zetu. "Majambazi" ni jina walilopewa na waliopigana nao. Kuanzia mwaka 1871 hadi 1875 Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyeshiriki upande wa Waarabu mwaka 1871, alimsawiri kama mnyang'anyi. Lakini walipokutana mwaka 1876 alimwona mtu mpole mwenye adabu, wakachanjiana udugu. Aliyebadilika hakuwa Mirambo, bali nafasi ya mtazamaji.

Fasili ya "askari" nayo ina kasoro yake. Wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na tena katika vita vya 1914 hadi 1918, Wajerumani waliwatumia watu walioitwa rugaruga sambamba na askari wao. Askari alikuwa na sare, mshahara na bunduki ya serikali; rugaruga mara nyingi alikuja na silaha yake mwenyewe, akitarajia nyara. Wasemaji wa wakati huo waliyatenga maneno haya mawili, nasi hatuna haki ya kuyachanganya. Zaidi ya hayo, rugaruga wa Mirambo alipigania dola ya mtawala Mwafrika, ilhali yule wa Wajerumani alitumiwa kuwavunja Waafrika waliokataa kutawaliwa. Jina ni lile lile, bali utumishi umegeuka.

Kwa hiyo mtunga kamusi hana budi kulipa neno hili maana mbili zenye tarehe: kwanza, mpiganaji kijana wa watawala wa Unyamwezi na majirani zao katika karne ya 19, aliyeishi kwa nyara na fadhila za kiongozi wake, pili, mpiganaji msaidizi asiye wa jeshi rasmi katika utawala wa Wajerumani. Lawama au sifa ziachiwe msomaji, azipime kwa ushahidi. Mwalimu naye, kabla ya kumfasiria mwanafunzi wake neno rugaruga, na amwulize kwanza: ni nani anayesema, na katika vita vile alisimama upande gani?