Oveni ya piza: Bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu

Mwenye mgahawa mdogo anayetaka kuongeza piza kwenye orodha ya vyakula vyake hununua kitu kimoja kikubwa tu, nacho ni oveni. Meza, viti na friji anavyo tayari. Ndiyo maana kosa katika ununuzi huo huumiza, hasa pale fedha zilipokuwa za mkopo ambao marejesho yake huanza mwezi wa kwanza, piza ziuzwe zisiuzwe.

Muuzaji wa piza ya Zanzibar, ile ya Forodhani, hayumo katika hesabu hii. Yake ni unga mwembamba unaofungiwa nyama ya kusaga na yai na kukaangwa juu ya chuma, na jiko la mkaa linamtosha. Inayozungumziwa hapa ni piza ya Kitaliano, inayotaka joto la chini na la juu kwa wakati mmoja.

Kwa mgahawa mdogo, chaguo la kawaida ni oveni ya deki, yaani chumba kipana na kifupi chenye sakafu ya jiwe, kinachofika nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi. Piza huiva kwa dakika tano hadi nane. Wauzaji huitaja kwa idadi: "hii ni ya piza nne". Hapo ndipo wengi hunaswa. Piza nne hizo ni za sentimeta 30, na chumba chake huwa na upana na kina cha karibu sentimeta 62. Mgahawa ukiamua kuuza piza za sentimeta 35, zitaingia mbili tu, tena kwa kuzipanga mshazari. Uwezo umepungua kwa nusu kabla ya mteja wa kwanza kuketi. Kwa hiyo ukubwa wa piza uamuliwe kwanza, na futi ya kupimia iende dukani.

Idadi ya piza kwa saa nayo isichukuliwe kama ilivyoandikwa. Unga wa baridi hunyonya joto la jiwe, na mzunguko wa pili na wa tatu huchelewa kuiva. Deki ya piza nne inayoonekana ingetoa zaidi ya 30 kwa saa ihesabiwe kuwa inatoa 24, na saa ya kupimia iwe ile ya Ijumaa usiku, si wastani wa wiki.

Upande wa nishati, deki moja ya umeme yenye kilowati 5 huvuta karibu ampea 22 kwenye umeme wa volti 230. Mbili zikipangwa juu ya nyingine zinafika ampea 43, mzigo ambao nyaya za fremu nyingi za biashara hazikuwekwa kuubeba. Mwenye kutaka deki mbili aulizie kwanza umeme wa njia tatu, na gharama ya kuuvuta iingizwe kwenye bei ya oveni.

Matumizi yenyewe hayatishi kama watu wanavyodhani. Oveni ikishapata joto hujizima na kujiwasha. Kwa siku ya saa nane, saa ya kwanza kwa nguvu kamili na saba zilizobaki kwa nusu, itakula uniti 22 na nusu. Kwa mfano wa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 7,875. Piza 30 zikiuzwa, kila moja inabeba shilingi 263 za umeme. Zikiuzwa 10, inabeba karibu 790. Jiwe lazima liwe la moto hata mteja asipokuja, na hilo halipungui kama jibini, ambayo hukatwa kwa kila piza.

Oveni ya gesi yenye kilowati 12, ikifanya kazi kwa wastani wa nusu ya nguvu, huchoma karibu nusu kilo kwa saa, kwa kuwa joto jingi hutoka na moshi. Hizo ni kilo nne kwa siku, na mtungi wa kilo 15 hautimizi siku nne. Kwa mfano wa shilingi 60,000 kwa mtungi, siku moja ni shilingi 16,000. Sifa ya gesi ni kwamba haikatiki pamoja na taa. Waliofanya biashara Dar es Salaam wakati wa mgawo wa mwaka 2023 wanalijua hilo. Hata hivyo, mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha mwaka 2024, na hofu ya mgawo si sababu nzito kama ilivyokuwa.

Tanuri la kuni linapendeza macho. Kule Naples, piza huiva humo kwa sekunde 60 hadi 90, na ufundi wa wapishi wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2017. Lakini linataka saa kadhaa za kupashwa moto, dohani ambayo mwenye nyumba ataikubali, na mpishi ambaye akihama, tanuri limehama naye. Pia sera ya Tanzania, kupitia mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034, inalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Kujenga tanuri la kuni leo ni kwenda kinyume na upepo. Oveni za mkanda, zinazopendwa na kampuni zenye matawi mengi, ni mzigo kwa anayeuza piza 20 kwa siku.

Oveni za mitumba ni rahisi, ila kibati cha nyuma kisomwe. Iliyotengenezewa volti 208 za Marekani, ikiunganishwa kwenye volti 230, koili zake hubeba nguvu zaidi kwa asilimia 22 na haziishi muda mrefu. Ya gesi kutoka Ulaya huenda nozeli zake ni za gesi asilia ya bomba, si ya mtungi.

Chukua oveni ya shilingi milioni 6 na faida ya shilingi 3,000 kwa piza baada ya gharama zote. Zinahitajika piza 2,000. Kwa piza 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, fedha hurudi katika muda usiofika miezi minne. Kwa piza nane, ni karibu miezi kumi. Asiye na uhakika wa zile 20 anunue deki moja ya aina inayoweza kubebeshwa nyingine juu yake, na ya pili aifuate pale foleni ya Ijumaa itakapomlazimisha.