Darubini za Kutazamia Ndege: Mambo Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kununua

Hivi karibuni kijana mmoja wa upande wa Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma, alituuliza swali lililotufanya tufikiri sana. Yeye na wenzake watano huwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege, na mara kwa mara huvuka kwenda Kitale kuhesabu korongo taji katika vinamasi vya Trans Nzoia. Kwa muda wa miaka minne wameweka akiba ya shilingi laki tatu na nusu, na sasa wanataka kununua darubini moja iliyo bora kuliko zote, ya namna ile waliyoiona shingoni mwa mgeni kutoka Ulaya. Je, wafanye hivyo? Fedha hizo zaweza kununua mitamba miwili ya maziwa, nazo zikipotea hazitarudi upesi.

Kwanza yapasa kuelewa zile tarakimu mbili zilizoandikwa juu ya kila darubini, kwa mfano 8x42 au 10x42. Ya kwanza ni idadi ya mara ambazo kitu huvutwa karibu: kwa darubini ya 8, ndege aliye umbali wa meta 80 huonekana kana kwamba yuko meta 10 tu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wengi hudhani kwamba tarakimu ya kwanza ikizidi, darubini ni bora zaidi. Sivyo. Kama ndege anavyovutwa, ndivyo na mtetemeko wa mikono yako unavyovutwa, hata picha ikaruka-ruka. Tena sehemu unayoiona hupungua, na shorobo akirukia tawi jingine utamtafuta mpaka amekwisha kwenda zake.

Tena, gawanya tarakimu ya pili kwa ya kwanza. Darubini ya 8x42 hutoa duara la mwanga lenye upana wa milimita 5 na robo. Ile ya 10x42 hutoa milimita 4 na kidogo. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hujibana mpaka milimita mbili au tatu, kwa hiyo tofauti haionekani. Lakini alfajiri na magharibi mboni hufunguka, na hapo ndipo penye kazi ya vijana hawa. Korongo taji hurudi kulala jua linapotua, na anayetaka kuwahesabu hana budi kungoja saa hiyo. Kwa macho ya kijana, milimita ile moja ni kitu; kwa mzee, ambaye mboni zake hazifunguki sana tena, faida ni ndogo.

Twawatajia korongo kwa sababu maalumu. Mwaka 2012 ndege huyu aliandikwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama na ndege walio hatarini kutoweka, kwa kuwa vinamasi anamotaga vinakaushwa na kulimwa. Karibu na Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa, watu wa Kipsaina wamefanya kazi ya kumlinda kwa miaka mingi. Mwenye kuhesabu hupaswa kujua ni wangapi wakubwa na ni wangapi makinda, na kinda hutambulikana kwa kichwa chake cha rangi ya udongo na taji lisilokamilika. Ukiwa na darubini hafifu utalazimika kusogea karibu, na ukisogea, korongo huacha mayai yake. Basi darubini njema si pambo kwa watu hawa.

Sasa tuje kwenye zile za bei kubwa. Watengenezaji watatu ndio wasifiwao zaidi: Swarovski wa Austria, na Zeiss na Leica wa Ujerumani. Kwa ukubwa wa 8x42, aina ya Swarovski iitwayo NL Pure, iliyotolewa mwaka 2020, huonyesha uwanja wa upana wa meta 159 kwa umbali wa meta 1,000. Zeiss Victory SF huonyesha meta 148, na Leica Noctivid meta 135. Zote tatu bei yake huko Ulaya hupita euro 2,000, yaani kwetu hupita shilingi laki tatu kabla ya ushuru. Nikon Monarch M7 ya ukubwa ule ule huonyesha meta 145, na bei yake ni kiasi cha sehemu moja katika tano au sita ya hizo.

Msomaji atauliza: ikiwa ya bei ndogo yaipita Leica kwa upana, fedha nyingi zinalipiwa nini? Zinalipiwa kile kisichoandikwa katika tarakimu. Ndani ya darubini iliyonyooka mna prizimu, nayo mwanga hupiga kona humo mara kadhaa. Kila uso wa kioo usiopakwa utando mzuri hupoteza mwanga kidogo, na mapigo ya mwanga yasiposawazishwa, picha hupoteza ukali wake. Utando wa kusawazisha hayo ulianza kutumiwa na Zeiss mwaka 1988, na leo umo hata katika darubini za bei ya kati. Kwa hiyo pengo limepungua sana. Lililobaki ni hili: katika darubini bora, kingo za picha hubaki safi kama kitovu chake, rangi ya zambarau haizunguki ndege mweusi aliye mbele ya anga jeupe, na macho hayachoki baada ya saa sita za kutazama. Kwa mtu afanyaye kazi hii kila siku, hilo la mwisho halidharauliki. Kwa wengine, sisi twaona ni anasa.

Usinunue kwa kusoma tu. Omba kuishika darubini na kwenda nayo nje ya duka. Elekeza kwenye waya wa umeme penye mwewe na utazame kama kingo zake zina rangi. Tazama kibao cha duka la ng'ambo ya barabara: je, herufi za pembeni zasomeka? Kisha ishike mbali na uso wako kwa urefu wa mkono na utazame vile viduara viwili vya mwanga. Viwe mviringo kamili, visikatwe pembeni. Mwenye kuvaa miwani na ahakikishe kwamba aona uwanja wote bila kuivua, maana darubini nyingi humnyima mtu huyo nusu ya picha. Ukihisi jicho moja lavutwa upande, irudishe mara moja: mirija yake haikulingana, nayo itakuumiza kichwa.

Jihadharini hasa na zile ziuzwazo masokoni na kando ya barabara zikiwa zimeandikwa 30x60 au zaidi, zenye vioo vyekundu ving'aavyo. Pima kioo cha mbele kwa rula, nawe mara nyingi utakuta hakifiki nusu ya kile kilichoandikwa.

Neno la maji lina uzito pia. Saiwa haiingiliki kwa gari. Mtu hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao ili amwone nzohe na ndege wa kinamasi, na mvua humkuta huko huko. Chagua darubini iliyozibwa na kujazwa naitrojeni, la sivyo ukungu utaingia ndani, na baada ya ukungu huja kuvu alaye utando wa vioo. Darubini iliyolowa isifungiwe katika mkoba wake. Iachwe wazi ndani ya nyumba mpaka ikauke.

Kwa kijana wa Kimilili jibu letu lilikuwa hili: watu sita wenye darubini moja ya laki tatu ni mtu mmoja aonaye na watano wangojao, na ikianguka mtoni Nzoia kazi yote imesimama. Wanunue nne za bei ya kati, za 8x42, na shilingi zitakazosalia zihifadhiwe kwa ajili ya matengenezo. Kwanza, hata hivyo, wamwombe mgeni wao ajaye awaazime yake kwa nusu saa ya magharibi pale Saiwa, wailinganishe na ya bei ya kati mbele ya korongo wale wale. Alituambia kwamba wawili kati ya wenzake bado hawajakubali.