Sandwichi ya Reuben isiyopandisha presha

Msomaji, huenda umewahi kuila Reuben mkahawani: vipande viwili vya mkate mweusi wa rai, nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwa siku kadhaa katika maji ya chumvi, jibini ya Uswisi, kabichi iliyochachushwa na mchuzi mzito wa mayonezi, vyote vikakaangwa kwa siagi. Wamarekani wa Omaha na wa New York hadi leo wanabishania ni nani aliyeibuni. Ugomvi wangu mimi ni na chumvi yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Katika Reuben, chumvi imo kwenye nyama, kabichi, jibini, mchuzi na hata mkate. Sandwichi moja kubwa yaweza kumaliza kiasi hicho chote. Mgonjwa wa presha ataapa kwamba haongezi chumvi mezani, na atakuwa anasema kweli!

Isitoshe, mwaka 2015 kitengo cha WHO cha utafiti wa saratani kiliiweka nyama iliyosindikwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana. Kuila mara moja moja si balaa. Hatari huongezeka kadiri unavyoizoea.

Basi jipikie. Nunua kilo moja ya nyama ya kidari, uichemshe polepole kwa muda wa saa tatu pamoja na kitunguu, vitunguu saumu, pilipili manga, mbegu za giligilani na kijiko kimoja tu cha chai cha chumvi. Ilaze kwenye friji, kisha uikate vipande vyembamba ukikatiza nyuzi zake. Itakuwa ya rangi ya kijivu. Usishtuke, wekundu wa ile ya dukani hutokana na naitraiti, kemikali ambayo si ya kubahatisha jikoni.

Kabichi ya chupa isuuze kwa maji mara mbili na uikamue. Ukiikosa, katakata kabichi mbichi nyembamba uitie ndimu. Badala ya mayonezi, changanya mtindi na nyanya iliyopondwa na kitunguu. Jibini kipande kimoja kinatosha, na mkate wa ngano isiyokobolewa unafaa.

Paka siagi kidogo upande wa nje wa mkate, weka kwenye kikaango juu ya moto mdogo na ugandamize kwa sahani. Dakika tatu au nne kila upande, hadi jibini iyeyuke.

Mama mjamzito akitumia nyama iliyokatwa dukani, aipashe kwanza hadi itoe mvuke. Bakteria ya listeria hustahimili baridi ya friji na yaweza kuharibu mimba. Nyama yako ya kuchemsha nayo imalize kwa siku tatu.