Fungu la Farasi wa Mkulima

Ijumaa hii tumependa kuzungumzia haki ya mnyama ambaye wengi wetu twamjua kwa kusoma Suratul Aadiyat tu. Kwetu pwani mzigo hubebwa na punda. Huko Senegal, nchi yenye Waislamu wengi, farasi ndiye mwenzi wa mkulima mdogo. Katika mikoa ya karanga, kama Kaolack, Kaffrine na Diourbel, yeye huvuta mashine ya kupandia mbegu, huvuta jembe la palizi, na baada ya mavuno huvuta mkokoteni kwenda sokoni.

Mvua huanza baina ya Juni na Julai, na kupanda hakungoji. Basi farasi hutakiwa awe na nguvu wakati ule ule ghala limekwisha. Baada ya mavuno majani makavu ya karanga huwa tele, nayo ni malisho bora, yenye protini kuliko mabua ya uwele. Lakini yana soko mijini kwa wafugaji wa kondoo, hasa Idi ya kuchinja inapokaribia. Baba mwenye deni dukani huyauza. Ifikapo Juni farasi hutafuna mabua, akiongezewa uwele ule ule unaongojewa na sufuria ya watoto. Si haki kumlaumu baba huyo kwa haraka.

Hata hivyo tumbo la farasi si la ng'ombe. Hacheui, mfuko wake wa chakula ni mdogo, wala hawezi kutapika. Maumbile yake ni kula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Anayemnyima majani kutwa, kisha jioni akamwagia ndoo ya nafaka akidhani amemfidia, humtafutia msokoto wa tumbo unaoweza kumwua, au maradhi ya kwato. Nafaka igawanywe mara 2 au 3 kwa siku, na chakula kipya kizoeshwe pole pole kwa kiasi cha wiki 2. Maji lita 20 ni machache kwake siku ya kazi na jua. Na chumvi asinyimwe. Majani yenye ukungu hayamfai hata yakiwa ndiyo yaliyosalia.

Katika fiqhi ya Imamu Shafii kumlisha mnyama ni wajibu, na mwenye kukataa hulazimishwa na kadhi amlishe, amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Kwa hiyo twaona fungu la farasi litengwe siku ya mavuno, kama itengwavyo mbegu, kabla mnunuzi hajafika. Farasi wa kilo 300 huhitaji malisho makavu yapatayo kilo 5 kwa siku. Kwa miezi 2 ya kulima ni kama kilo 300, zikihifadhiwa juu ya uchanja mbali na unyevu. Kisha mwenyewe ampapase mbavuni: mbavu zigusike kwa mkono, zisihesabike kwa macho. Zikihesabika mwezi wa Aprili, bado muda upo wa kununua majani kabla ya mvua.