Meko ya gesi au ya umeme? Piga hesabu kabla ya kuvuka mpaka

Ifikapo Juni, baridi ya Limuru haipishani sana na ya Njombe au Kabale. Jiko la mkaa huingizwa sebuleni, nalo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Wenye uwezo huulizia meko ya kuotea moto ya gesi au ya umeme, na mfanyabiashara anayekwenda Nairobi au Kampala huagizwa arudi nayo.

Ya umeme ni rahisi kubeba na haihitaji dohani. Miali inayoonekana kwenye kioo ni taa tu. Joto hutoka kwenye hita iliyo ndani, mara nyingi ya wati 2,000. Ikiwaka kwa muda wa saa 4 kila jioni hula uniti 8, yaani 240 kwa mwezi. Umeme ukikatika hubaki pambo la ukutani.

Gesi haingoji umeme urudi. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina joto la karibu uniti 13 za umeme. Basi chukua bei ya kilo moja, gawanya kwa 13, kisha linganisha na bei ya uniti pale mteja anapoishi. Bei ya Nairobi haimsaidii mtu wa Arusha. Meko yenye dohani hupoteza sehemu ya joto hilo juu, lakini isiyo na dohani humwaga hewa chafu chumbani, hivyo lazima dirisha liachwe wazi kidogo na izimwe kabla ya kulala. Kwa chumba cha watoto, afadhali ya umeme, hata kama bili itauma.

Mpakani ndipo wengi huumia. Kenya mtungi wa nyumbani uliozoeleka ni wa kilo 6 au 13. Tanzania ni wa kilo 6 au 15. Regulata iliyonunuliwa upande mmoja huenda isikae kwenye kichwa cha mtungi wa upande wa pili, na mtungi wenyewe hautabadilishwa na wakala asiyeijua kampuni yake. Meko inaweza kusafiri, ila regulata na mtungi vinunuliwe itakapotumika.

Ya umeme nayo ina lake. Plagi ya pini tatu bapa inaingia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, lakini Kigali na Bujumbura matundu mengi ni ya duara.

Kuna na ushuru. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Meko iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu imenunuliwa Nairobi. Asiyeweka ushuru huo kwenye bei anayomtajia mteja atautoa mfukoni mwake pale Namanga.